Mota ya Baba

Mdogo wangu Humphrey,

Huku ughaibuni, Carrollton, kiwandani ninapofanya kazi, wamebandika ukutani historia ya kampuni tangu ilipoanza Ujerumani, na humo nikaona mota kama ile ya mashine ya Baba ya kusaga. Nikawatumia watunza kumbukumbu namba yake, ile aliyotukaririsha tukiwa wadogo. Wamejibu kwamba ilitengenezwa mwaka 1957, ifanye kazi miaka ishirini. Nikacheka peke yangu. Kisha nikakumbuka kuwa hata kumzika sikuja, kwa sababu ya makaratasi ya ukaazi wa huku.

Najua unaacha kazi ya kusaga, na mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja kuichukua mashine Jumamosi. Sikukatazi. Ila kabla hajaibeba iwashe, unirekodie, na usiongee chochote. Nataka kumsikia Baba akiwa kazini.

Dada yako,
Ndeshi