Kwa Dada Aliyesikiliza kwa Mgongo

Mpendwa dada Biira,

Tangu tukuzike kule Bwera sijakuandikia hata mstari mmoja, na unanijua, mdomo wangu haukai kimya. Leo nimeshindwa kuvumilia. Kuna jambo limetokea kazini kwangu hapa Kasese, na mwenye jambo ni wewe.

Unakumbuka wageni walivyokuwa wakija nyumbani siku za soko? Sisi wote tunajipanga kusalimia, wewe unageuka, unawapa mgongo, unaendelea kuchambua maharagwe. Mama alikuchapa kwa hilo mpaka akachoka. Wengine walisema una kiburi, wengine wakasema una pepo, na mimi mdogo wako nilikuonea aibu. Sikukutetea hata mara moja.

Lakini siku niliyofeli mtihani wa darasa la saba, nikajificha nyuma ya jiko, mama alinishika uso akitaka nimtazame na kumweleza. Nikawa bubu. Alipoondoka ukaja wewe, ukaketi chini, ukanigeuzia mgongo.

"Sema," ukaniambia. "Sikuangalii."

Nikasema yote, hata yale ambayo sikuwa nimepanga kuyasema. Ulisikiliza mpaka nikamaliza, ukainuka, ukaenda zako.

Nikaja nikasahau. Nilisomea ushauri nasaha, nikafundishwa kumketisha mteja mbele yangu, kumtazama machoni, kumwinamia kidogo aone kwamba namjali. Hiyo kazi nilijiona naijua sana, dada, usinicheke.

Mwezi uliopita mkulima mmoja wa mpunga kutoka Mubuku alimleta binti yake, Mbambu, mwenye miaka kumi na tisa. Binti ana usonji, neno ambalo enzi zako hatukuwa nalo. Alikuwa ameacha kula. Hospitali walipima kila kitu wasione ugonjwa, na alikuwa amebaki mifupa. Baba akasema nikishindwa, Ijumaa watamvusha mpaka, wampeleke kwa mtu fulani Kongo anayefunga wagonjwa kamba na kukemea mapepo. "Huyu mutoto iko nakufa," alisema.

Mara tatu nilimketisha mbele yangu, nikamtazama kwa upole wangu wote, nikamuuliza anajisikiaje. Aliziba masikio. Mara ya tatu akaanza kugonga kichwa ukutani, nami, mjinga mimi, nikazidi kumsogelea.

Alhamisi, nikiwa nimeishiwa, ndipo nilipokukumbuka. Nikageuza kiti, nikaangalia ukuta. Nikamwambia maneno yako yaleyale, kisha nikangoja. Baadaye nikasikia kiti chake nacho kinageuka, halafu sauti kavu, isiyo na haraka.

"Sufuria inanuka samaki. Tangu tuhamie Mubuku. Kila chakula inanuka samaki. Nashindwa kumeza."

Basi! Ni hilo tu lililokuwa linamuua. Nililia huku nimeutazama ukuta, nisimshtue. Jioni ileile wakamnunulia sufuria yake mwenyewe, isiyopikiwa samaki, na Jumapili baba yake akanipigia simu, hakuweza kusema zaidi ya kwamba amekula, amekula, amemaliza sahani.

Nimewaeleza wenzangu. Nimewaambia si kila mwenye usonji anataka mgongo; mwingine huongea mkitembea, mwingine huandika kwenye simu, na kazi yetu ni kuitafuta njia yake badala ya kumburuta kwenye yetu. Mzee mmoja, zamani alikuwa jeshini na bado tunamwita afande, aliandika kila neno. Kisha akauliza huyo aliyenifundisha alisoma chuo gani. Nikamjibu kwamba ni dada yangu, na shule hakupelekwa hata siku moja, kwa sababu tulidhani hana akili. Afande akaweka kalamu chini.

Biira, najiuliza ulikuwa mtu mkubwa kiasi gani, ukiishi katikati yetu na sisi tukikuhurumia. Nyuma ya jiko siku ile niliongea mpaka nikamaliza ya kwangu yote. Halafu tukaishi pamoja miaka mingi, na mimi, ambaye leo nalipwa kwa kuuliza watu, sikukuuliza hata mara moja wewe kinakuuma nini.

Nisamehe, dada. Pumzika.

Mdogo wako uliyemsikiliza,
Kabugho