Nyar Uyoma Alikuwa Nani?

Mama,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na najua hukupenda mtu azungumze nawe hivyo. Ulikuwa ukiniambia, "Kwanza kunywa maji." Nimekunywa. Bado.

Nimejifungua msichana. Ana wiki sita na tunamwita mtoto tu. Ulipokuwa mgonjwa, siku zako za mwisho, uliniomba nikipata msichana nimpe jina la mama yako. Nilikubali haraka, nikakuinua unywe uji, wala sikuuliza jina lenyewe. Mimi nilimwita Dana, kama wajukuu wote wanavyomwita nyanya. Majirani kule Kajulu walimwita Nyar Uyoma, binti wa Uyoma, kwa kuwa aliolewa akitoka huko. Wewe ulimwita Mama.

Basi nikanunua daftari nianze kuandika ukoo. Baba mdogo alinihesabia wanaume tisa bila kupumua, baba hata baba. Nilipouliza wake zao, akanitajia Nyar Seme, Nyar Kano, Nyar Sakwa. Hata wewe alikutaja Nyar Kajulu, wewe uliyempikia tangu akiwa shule. Nikamwambia hiyo ni ramani, si ukoo. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwalimu, andika tu. Tulioa watu, hatukuoa majina."

Nikamfuata Mjomba, ndugu yako pekee aliyebaki, kule Mamboleo anakouza mbao. Alipanga mbao zake kwanza. Kisha akasema, "Nani angethubutu kumwita mama yake kwa jina?" Dana hakuwahi kuchukua kitambulisho. Mjomba alikumbuka tu kwamba watu wake walitawanyika wakati wa njaa, na kwamba kwao kulikuwa karibu na ziwa. Mama, Uyoma yote iko karibu na ziwa.

Nilienda hata hivyo, mtoto mgongoni. Sokoni nikamwuliza muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kama anawajua watu wa Nyar Uyoma aliyeolewa Kajulu. Aliniangalia, akawaita wenzake waje wasikie.

"Dada, hapa sisi sote ni nyar Uyoma. Huyo wako anaitwa nani?"

Walicheka, lakini si kwa ubaya. Mmoja alinipa kiti ninyonyeshe. Nikakaa pale nikaelewa kosa langu. Jina lile alipewa alipoondoka. Kwao hakuna aliyewahi kulisikia.

Nakukasirikia, Mama, na mimi mwenyewe zaidi. Jioni ngapi tumechambua mboga pamoja, ukinisimulia jinsi Dana alivyokuwekea kichwa cha samaki kila mara, akidai yeye hakipendi. Hilo nalijua. Jina silijui.

Jumapili mtoto atabatizwa na mchungaji anataka jina. Nitampa lako, Anyango. Ndilo jina pekee la mwanamke ninalolijua kwa hakika katika daftari hili zima, ukiacha langu. Unisamehe, silo uliloniomba.

Mahali pa mama yako nimeacha mstari mtupu. Nimekataa kuandika Nyar Uyoma. Mvua zikiisha nitarudi kule, safari hii nianze kwa vikongwe, nyumba kwa nyumba, nikiuliza ni binti gani wa kwao aliolewa mbali wakati wa njaa asirudi.

Pumzika, Mama. Na huyu mdogo akianza kusema, nitamfundisha jina langu kabla hajazoea kuniita Mama.

Mwanao,
Achieng