Mbegu tulizokula

Jumatano

Nimemkosea Espérance, yule dada wa Gitega anayeandika doktora yake ya chuo kikuu juu ya maharagwe.

Leo amerudi hapa Gashoho kutusomea rezime, ule muhtasari unaokaa mbele ya kitabu chake. Ukurasa mmoja tu: kwanza swali lake, halafu vile alifanya kazi, halafu alichopata.

"Baba Kelly, usisinzie, hapa iko maneno yako!" Akanitazama, akacheka, akasoma: wakulima wa Gashoho wanasema mbegu mpya inazaa vizuri hata mvua ikiwa kidogo.

Mke wangu akainama. Mi pia.

Hatukupanda. Watoto walikuwa na njaa, mbegu alizotugawia tukazipika. Alipokuja kuuliza niliona haya, nikasema imezaa sana. Majirani walipanda, wakavuna kidogo, lakini walinisikia wakasema kama mimi.

Nilidhani uongo wangu utapotea kwenye yale makaratasi mengi. Kumbe umewekwa pale mbele, maprofesa watausoma kabla ya yote. Wakigundua, aibu ni yake. Wasipogundua, watu watapanda wakitutegemea sisi...

Jumatatu anaipeleka chuoni. Jumamosi asubuhi napanda gari ya Gitega, namtafuta kwake mtaa wa Magarama, namwambia: dada, mbegu tulizila, mi nilikudanganya.