Kitambaa Chekundu cha Mashine

Jumatatu, 5 Mei

Nimeamka, nikashika simu kabla ya kunawa uso. Nikatafuta "mchele wa Ifakara". Tovuti yetu iko ukurasa wa pili wa matokeo. Jana tulikuwa hapohapo. Nimekasirika kama mtu aliyetukanwa.

Mama alikuwa anafagia uwanja wa kuanikia mpunga. Alinitupia jicho, akaendelea kufagia. Ameshaijua sura yangu ya asubuhi.

Tangu kile kinu kikubwa cha kukoboa kifunguliwe kule barabarani, wateja wetu wa karibu, wa Lipangalala, wamehamia huko. Waliobaki ni wa mbali, wa Chita na Mlimba, waliomzoea Baba. Mama amesema msimu huu ukiwa kama uliopita, anaiuza mashine yetu ya kukoboa mpunga. Mashine ya Baba. Mimi nimesoma, na tovuti yetu niliitengeneza kwa mikono yangu. Nimeapa haiuzwi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimepata mtaalamu wa Dar. Ameikagua tovuti. Anasema ugonjwa uko kwenye ukurasa wa mwanzo: mstari mwekundu juu, maneno mawili matatu, leo upo, kesho haupo. Kwa ukurasa kama huo hatutapanda. Tuandike makala ndefu.

Mstari huo una asili yake. Baba alikuwa akitundika kitambaa chekundu kwenye nguzo ya mashine kukiwa na tatizo. Umeme hakuna. Uwanja umejaa maji. Mashine mbovu. Aliyekiona alikwenda kuwaambia wa kwao. Kisipokuwepo, njoo. Ndivyo walivyoelewana miaka yote, bila kuandikiana popote. Baba alipofariki nikakihamishia kwenye tovuti, na watu wakakifuata huko. Kabla ya kukodi gari mtu anafungua simu. Haoni wekundu, anapakia.

Wageni wetu karibu wote ni hao. Wanafungua, wanatazama, wanafunga. Mtaalamu anasema wageni wa namna hiyo hawana faida.

Nimeufuta mstari huo. Wenye shida watampigia Mama.

Jumapili, 11 Mei

Sikwenda misa. Nimeandika "Faida Kumi za Mchele wa Ifakara kwa Afya". Maneno "mchele wa Ifakara" yamo katika kila aya. Nilipoisoma kwa sauti ilikuwa kama redio iliyokwama. Mama alisikiliza kidogo akiwa mlangoni.

"Kwani kuna mtu hajui faida ya wali?" akauliza. "Si kushiba?"

Sikucheka. Faida ya saba, ile ya kisukari, niliitunga tu.

Ijumaa, 23 Mei

Ukurasa wa kwanza. Mtaalamu amenipongeza kwa alama ya dole gumba. Nimeitazama mara nyingi mno.

Jumanne, 27 Mei

Namba moja. Nilimkimbilia Mama kwenye mashine, nikamwekea simu machoni. Akajifuta pumba mikononi kwanza.

"Sasa hiyo namba moja inakuja na mpunga, au inakuja peke yake?"

Iliniuma. Nikafungua takwimu za tovuti ili nimwonyeshe. Wageni wameongezeka, ndiyo. Wanatoka Dar, Nairobi, na miji nisiyoijua. Wanasoma aya moja wanaondoka. Hakuna aliyeuliza bei. Wa Chita na Mlimba wamepungua sana. Niliona. Naandika hapa kwamba niliona. Kisha nikarudi kuitazama namba moja.

Jioni beringi ya mashine ilianza kulia, Mama akazima. Spea inatoka Morogoro, haitafika kesho.

"Weka nyekundu," akaniambia.

Nikaitikia. Sikuweka. Niliogopa kushuka kutoka namba moja. Hiyo tu ndiyo sababu, nyingine sina.

Alhamisi, 29 Mei

Fuso imeingia uani imejaa mpunga. Mzee Masanja, kutoka Chita. Yeye ni mfugaji aliyegeuka mkulima, na kila msimu hukusanya mpunga wa kitongoji chake chote na kuuleta kwetu kwa pamoja. Alikuja na binti yake Kabula, anayemsomea simu. Dereva alikuwa na mzigo mwingine wa kuwahi. Akashusha magunia uwanjani, akaondoka kabla sijatoka ndani; Mama alikuwa bado hajarudi kutoka sokoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mashine kimya?"

Nikamwambia. Akamgeukia binti yake. "Si ulisema hakuna nyekundu?"

"Haikuwepo, baba. Nimeshuka mpaka chini kabisa. Kulikuwa na habari za kisukari tu."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Mvua ikaja saa tisa. Mvua ya mwisho wa msimu, ile ambayo watu walishaacha kuitegemea. Ghala letu dogo lilikuwa na mpunga wa wengine. Tukaingiza magunia tuliyoweza, mengine tukayafunika turubai moja. Mama alibeba. Kabula alibeba. Nami nilibeba, huku nikijua kila gunia liko pale kwa sababu yangu. Maji yalipita chini ya turubai kama yanayoijua njia.

Jumapili, 1 Juni

Spea ilifika jana. Leo jua limewaka, tukafungua magunia yaliyolowa. Nilizamisha mkono katika moja. Joto, kama tumbo la mtu mwenye homa. Nikautoa haraka.

Tumekoboa. Uliobaki mkavu ulitoka vizuri. Uliolowa ulitoka wa manjano, chenga tupu, na ile harufu ambayo mtu anaikuta mezani kabla ya wali wenyewe.

Mama alimwambia Mzee Masanja achukue mpunga wetu ghalani, wa shamba letu, ufidie ulioharibika. Akakubali kiasi. Akasema asiporudi na kitu, wenzake watadhani ameuza. Ndipo nilipomweleza: mstari niliufuta mimi, na mashine ilipoharibika niliambiwa niurudishe, nikaacha. Mama alisimama palepale na debe mkononi.

Mzee aliokota kamba ya gunia. "Baba yako alikuwa na nguo moja tu ya kutundika," akasema. "Akisahau, mama yako anamfokea mbele yetu, tunacheka."

Kisha akafunga mdomo wa gunia.

Mama hajasema nami tangu jioni. Chakula amenipakulia.

Jumanne, 3 Juni

Nimefuta makala yote. Mtaalamu ameandika kwamba tutaanguka.

Jumatatu, 9 Juni

Leo sikutafuta chochote asubuhi. Nimefagia uwanja.

Mama amerudi kutoka sokoni. Ameiona fuso ya mpunga wa Chita ikikata kona kuingia kile kinu cha barabarani. Kabula alikuwa mbele, akampungia mkono. Mama naye akapunga. Kuhusu kuuza mashine hajasema, nami sikuthubutu kuuliza.

Mashine nzima. Umeme upo. Uwanja mkavu. Kwa desturi yetu siku kama ya leo haiandikwi kitu. Lakini nilikaa na simu, nikaelewa kwamba kimya chetu hakuna tena wa kukiamini. Nikaandika kwenye ukurasa wa mwanzo: *Mashine inafanya kazi. Karibuni.*

Baada ya chai nikatazama. Mtu mmoja ameufungua, wa hapahapa Ifakara. Nikachungulia uani. Mama alikuwa amekaa kwenye gunia tupu, ameisogeza simu mbali na macho, anasoma taratibu.