Sanduku la Usingizi

Burbank,
Jumapili asubuhi

Dada yangu mpendwa Verna,

Nakuamkia kwa mapenzi tele. Vipi magoti yako, na hilo joto la Bakersfield limepungua? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenihama. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungenikatiza.

Unaikumbuka filamu yangu, sehemu ya tatu ya *Wahamiaji wa Zohali*. Ilipotoka watu waliicheka, na gazeti moja likasema napiga kelele kama mbuzi aliyenaswa kwenye waya. Kazi ya kuigiza ikaishia hapo, nikawa mwalimu wa kuogelea. Sasa, miaka thelathini baadaye, vijana wanasema ndiyo bora kuliko zote katika mfululizo ule. Wanachokisifu zaidi ni pale ninapozinduka ndani ya sanduku la usingizi, lile la kulalia safari ndefu, chombo cha angani kikiungua.

Ijumaa filamu hiyo ilionyeshwa kwenye ukumbi wa sinema hapa mjini, tukaalikwa mimi na Prewitt aliyeiongoza. Kabla hatujaingia aliniambia kuna sehemu mpya inatengenezwa na wananitaka, mradi nikubali kulala tena ndani ya sanduku. Akasema safari hii watu watanililia, hawatanicheka.

Waliniketisha katikati ya safu, watu kushoto na kulia. Ilipofika pale pa sanduku, watu wakafuta machozi. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kiti, natafuta pumzi.

Tukaitwa jukwaani. Binti mmoja mwenye nywele za zambarau akauliza, "Bi Corinne, lile neno unaloita kwa kelele ndani ya sanduku ni la lugha ya watu wa Zohali? Tumelibishania miaka." Alikuwa amelichapisha kwenye fulana yake, kwa herufi walizozibuni wenyewe.

Dada, hili sijawahi kumwambia mtu. Siku ile ya kupiga picha, kifuniko cha sanduku kilikwama. Moshi waliokuwa wakiupuliza ulinijaa kifuani, nikakwaruza mpaka kucha zikang'oka, na Prewitt akawaambia wa kamera waendelee. Baadaye alinionya kwamba nikifungua mdomo nitajulikana kuwa mwigizaji msumbufu. Ndiyo maana ulipolazwa nilikuwa nakuja wodini kwa ngazi, nawe ukinitania kwamba naogopa lifti kama mshamba.

Nikamjibu binti, "Ni jina la dada yangu. Nilikuwa namwita aje anitoe. Sikuwa naigiza."

Prewitt akachukua kipaza sauti, akatabasamu. "Mnamwona? Bado anajua kuigiza."

Wote wakasimama wakipiga makofi. Nikarudia kusema, mara ya pili na ya tatu, na kila nikisema makofi yakazidi. Yule binti peke yake hakupiga. Alivuta zipu ya koti lake mpaka shingoni, akalifunika jina lako.

Prewitt nimemkatalia. Filamu itaonyeshwa kwenye televisheni mwezi huu. Tafadhali usiitazame peke yako. Alhamisi nitapanda basi nije.

Nisalimie shemeji Orville na wajukuu wote, na umbusu yule mdogo kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Corinne