Kwa Mama Vidole, Msusi Wetu

Mwaka umetimia, Mama Vidole, tangu moyo wako usimame mchana kweupe, saluni ikiwa imejaa watu.

Ulisuka huku unaongea, na mteja aliyeingia amenuna alitoka akicheka. Wanafunzi wasio na kitu uliwasuka bure, ukawaambia wakuombee wateja wenye vichwa vidogo.

Kisha mkono wako wa kushoto ukaanza kuchoka. Ulisuka mistari michache, ukaushusha, ukaukung'uta, ukaendelea. Zikaja homa za jioni, ukakonda, nasi tukasema ni kazi nyingi. Dalili ya mvua ni mawingu. Sisi tuliyaona mawingu tukaendelea kuanika nguo.

Hospitalini muuguzi alikushika kifundo cha mkono kutafuta mapigo. Alihamisha vidole, akahamisha tena, hakuyapata, kisha akaenda kumwita daktari. Ukamgeukia mumeo: "Usiogope, baba watoto. Mkono umetangulia tu." Ulicheka peke yako.

Daktari alieleza kwamba kuta za mishipa mikubwa ya damu zilikuwa zimevimba, njia ikawa nyembamba. Mara chache sana, alisema, uvimbe huo hufika hata kwenye mishipa inayoulisha moyo. Mfa maji hukamata maji. Nasi tulilikamata hilo "mara chache". Dawa zilikuvimbisha uso, lakini homa ikakata, ukarudi saluni, tukashusha pumzi.

Siku ile, ukiwa saluni, kifua kilikubana, maumivu yakapanda hadi kwenye taya. Dada yako alitaka mwondoke palepale kwenda hospitali. Kitini alikuwapo mama mmoja aliyekuwa anasafiri, kichwa kimesukwa nusu.

"Kaite gari," ulimwambia dada yako. "Likifika nitakuwa nimemaliza."

Gari lilifika upesi. Dada yako alipoingia, yule mama alikuwa amepiga magoti sakafuni, amekupakata.

Hakusafiri. Mpaka leo hupita saluni, hukaa na dada yako, hasukwi, huaga akaenda zake.

Nyumbani tunacheka tena, usidhani hatucheki. Ila mtoto akisema tu amechoka, baba yake huacha alichoshika, akamtazama mpaka mtoto mwenyewe aone aibu.

Tunaokukumbuka ni mumeo fundi bomba, binti yako, kitinda mimba wako, dada yako, na mama mkwe ambaye hakuwahi kukuita mkwe, alikuita mwanangu.

Hujatutoka moyoni, wala hutatutoka, siku zote tulizobakiza.