Troto ya Abbasi

Jumatatu, 4 Agosti 1997
Upepo. Vumbi mpaka kwenye ugali. Leo Abbasi kaleta gari lake kwangu. Wote mwisho wao ni kwangu.

Ni Korola ya mtumba, imetoka Japani kwa meli. Kiinua mgongo chake chote cha reli kimeishia humo. Yeye anaiita teksi. Mimi naiita sanduku lenye kifua kikuu. Ikikaa sailensi, mguu haujagusa mafuta, inatetemeka, inakohoa, inazima. Abiria wanashuka wanacheka.

Vijana wa gereji walimwambia ni troto tu — lile koo la hewa lenye kisahani kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Limejaa masizi. Lisafishwe kwa dawa ya kopo na kitambaa laini. Kitambaa laini! Wanaogesha mtoto? Mimi Wazungu wa karanga walinipa lori la Bedford kule Kongwa sijaota ndevu. Nikasema kijiweni kwenye kahawa, mbele ya wote: leta, nitalilaza kimya kama paka.

Abbasi akasema Mgogo anajua bakuli la kuombea, spana kaijulia wapi. Nikamwambia babu yake Mnyamwezi alibeba pembe za watu mpaka shingo ikazama kifuani, ndiyo maana ukoo mzima wafupi. Watu hoi. Yeye kacheka kuliko wote. Ni mtani, atafanyaje? Nikimsema marehemu mama yake atacheka. Napenda utani. Unamchoma mtu na anakushukuru.

Jumanne, 5 Agosti
Nimelifungua koo lote. Masizi kama chungu cha mlenda. Petroli haikutosha nikachukua msasa, ule mkali wa mbao. Kisahani nacho nikakitoa, nikakisugua kikang'aa, unaweza kujitazama ukinyoa ndevu. Nani mwingine Dodoma hii angethubutu? Hakuna.

Debora mke wangu kauliza, hawakusema kitambaa? Nikamwambia aliyenizalia wasichana watupu hanifundishi injini. Kaenda zake jikoni.

Jumatano, 6 Agosti
Nimerudisha kila kitu. Nimewasha. Kimya! Paka kabisa. Majirani wamekuja kusikiliza.

Mchana nimejaribu kukanyaga mafuta mpaka chini. Nikatoa mguu — injini ikaendelea kulia. Inalia tu. Nimezima kwa ufunguo. Nimefungua tena kutazama. Kisahani kimekaa upande kidogo, kikifunguka sana kinang'ata ukuta wa koo, hakirudi. Nimekipiga na mpini wa bisibisi kikarudi. Mara nyingine kinarudi chenyewe. Mara nyingine hakirudi.

Kitajizoesha. Chuma huzoea. Bedford nayo ilikuwa na mambo yake.

Debora alikuwa mlangoni. Kaona yote. Anasema niende kwa Abbasi nikamwambie, alirudishe kwa vijana. Kwa vijana! Ili yule mpagazi anisimulie mpaka nife, na wajukuu zake wawasimulie wajukuu zangu. Afadhali nimeze spana.

Alhamisi, 7 Agosti
Abbasi kaja kuchukua gari. Kalisikiliza sikio kwenye boneti. Kalipeleka kijiweni, kaliacha linaunguruma, kasema kwa watu wote: huyu Mgogo ni fundi, mimi nimeshindwa. Tangu tufahamiane hajawahi kunisifu. Kikombe changu cha kahawa kalipa yeye.

Kesho alfajiri anakwenda Kongwa kumchukua binti yake Nasma, mwalimu kule. Shule zimefungwa Nane Nane. Anasema atarudi kabla ya adhuhuri, Ijumaa haimpiti.

Basi nikamwambia. Debora asiseme sikumwambia. Nilisimama, nikasema kwa sauti:
— Mtani, hilo gari litakuua. Kanyaga sana uone, mafuta hayarudi. Utaingia korongoni, na mimi nitalala kaburini mwako nisitoke mpaka watoe mbuzi wa utani.

Kijiwe kizima kiliangua kicheko. Abbasi kacheka mpaka machozi, kashika mlango wa gari asidondoke.
— Nikifa kwa mkono wa Mgogo, kasema, hata Munkari na Nakiri kaburini watasahau maswali.

Akaondoka. Nimesema. Mashahidi wapo wengi.

Ijumaa, 8 Agosti
Alfajiri nimelisikia likipita. Kimya kama paka. Kazi yangu.

Adhuhuri imeadhiniwa. Msikitini hayupo, wanasema nafasi yake nyuma ya imamu ilibaki wazi.

Alasiri. Sikudhani, mke wa Abbasi, kaja. Hakupiga hodi. Kaambiwa maneno ya jana huko kijiweni. Nikamwambia shusha pumzi, mpagazi huchelewa, ana mzigo. Hakucheka. Mke wa mtani lazima acheke! Kaniangalia usoni, kasema polepole:
— Ulikuwa unatania, au ulikuwa unajua?

Nikamwambia atafute mbuzi mnono, nilishasema. Yakatoka hivyo. Mdomo ulishazoea.

Bado hakucheka. Kageuka kwa Debora, kamwuliza yeye. Debora kainama, kafuta mikono kwenye kanga, kafuta, kafuta, na mikono ilikuwa mikavu. Sikudhani kaona. Kakaa chini pale kizingitini, haendi. Mimi siwezi kutoka mpaka nimruke.

Nimechukua daftari nipate la kufanya. Niliandikishwa kisomo cha watu wazima niandike jina tu. Sasa naandika haraka kuliko karani.

Lori limesimama nje. Halina mzigo. Dereva ana vumbi jekundu la Kongwa mpaka kope. Anauliza watu barabarani, nyumba ya Abbasi teksi ni ipi. Wanamwonyesha huku kwangu, kwa sababu mkewe yuko huku.

Sikudhani kainuka. Debora kamshika mkono. Dereva kavua kofia, anaangalia nani mwenye nyumba, anakuja kwangu mimi. Ananiamkia, shikamoo mzee. Anangoja niitikie